Leza ya Kuchonga Chuma: Pima Kina Kabla ya Kulipa

Mwenye karakana anayetafuta mashine ya leza huwa na maswali mawili kwa muuzaji: ina wati ngapi, na bei ya mwisho ni ngapi. Muuzaji huyajibu haraka kwa sababu yote mawili ni mepesi kwake. Swali linaloamua kama mashine italeta kazi au itakaa pembeni imefunikwa turubai ni jingine kabisa: itachimba kina gani, kwenye metali gani, kwa dakika ngapi?

Kuna kuweka alama na kuna kuchonga. Ile alama nyeusi inayopendeza kwenye sufuria ya chuma cha pua haina shimo. Leza imechoma tabaka jembamba la juu na kulibadili rangi, na ukipitisha kidole huhisi kitu. Kuchonga ni kuondoa metali ikabaki nafasi. Nchini Marekani, kanuni za shirikisho zinataka namba ya bunduki iwe na kina kisichopungua inchi 0.003, yaani karibu milimita 0.08, na hilo hata leza ndogo hulifikia. Lakini fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayeletewa kazi ya muhuri wa kugonga jina juu ya mche wa sabuni anahitaji nusu milimita mpaka milimita nzima, la sivyo jina litafutika sabuni ikianza kutumika. Namba ya mashine itakayopakwa rangi baadaye inataka walau robo milimita. Kalibu ya plastiki yenye nembo ndogo huridhika na nusu milimita. Hizi ni kazi tatu tofauti, na si kila moja inastahili mashine ya bei ile ile.

Tuanze na kinachopaswa kuondolewa mezani. Leza ya CO2, ambayo wengi wameizoea kwenye mbao, akriliki na ngozi, haichongi chuma. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na metali tupu huurudisha karibu wote, kama bati jipya linavyorudisha jua la mchana. Leza ndogo za mwanga wa buluu zinazotangazwa mitandaoni kwa bei ya kuvutia zinaweza kutia alama kwenye chuma cha pua au kung'oa rangi ya kikombe, basi. Anayekuambia zitachonga muhuri wa chuma anakuuzia matumaini. Kwa metali, chombo ni leza ya faiba: mwanga unaozalishwa ndani ya uzi wa kioo uliotiwa madini ya iterbiamu, wenye wimbi la nanomita 1,064, ambao metali huumeza vizuri zaidi. Vioo viwili vidogo vinavyocheza kwa kasi kubwa, viitwavyo galvo, huuelekeza mwanga huo juu ya kazi bila meza wala kichwa cha mashine kusogea.

Chanzo cha leza ndicho moyo wa mashine na ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei. Kampuni ya IPG Photonics, iliyoanzishwa na Valentin Gapontsev mwaka 1990, ndiyo iliyoifanya faiba kuwa kifaa cha kawaida viwandani, na bado jina lake ni ghali. Leo mashine nyingi zinazoingia Dar es Salaam na Mombasa hubeba vyanzo vya Kichina: Raycus ya Wuhan, JPT na Max Photonics za Shenzhen. Sioni aibu kumshauri mtu anunue hivi. Watengenezaji hukadiria uhai wa chanzo kuwa saa 100,000, na hata ukiipunguza ahadi hiyo kwa nusu, ni miaka mingi ya kazi ya karakana. Cha kuogopa ni mashine isiyotaja chanzo chake kabisa, au yenye kibandiko cha jina kubwa bila namba ya usajili. Omba namba hiyo kwa maandishi, kisha iulizie kwa mtengenezaji wa chanzo mwenyewe kabla ya kutuma hela.

Sasa wati. Mashine ya wati 20 ya mezani hupatikana China kwa takriban dola 1,500 hadi 2,500. Ya wati 50 huzunguka kati ya dola 3,000 na 5,000. Ukienda kwenye wati 100 ya aina ya MOPA, ambayo nitaieleza mbele, jiandae kwa dola 7,000 hadi 12,000. Mashine za kampuni za Ulaya, kama Trumpf ya Ujerumani au Trotec ya Austria, ni za daraja jingine la fedha, na ubora wake ni wa kweli. Zinamfaa mwenye kiwanda kinachotoa vipuri kwa mkataba, ambako saa moja ya kusimama kwa mtambo ni hasara kubwa kuliko mshahara wa mwezi.

Bei hizo ni za kiwandani. Zinazoumiza ni zile zinazokuja baadaye, na hapa ndipo wengi huharibikiwa hesabu. Nichukue mfano wa mashine ya wati 50 ya dola 4,500 inayokwenda Dar es Salaam. Weka dola 600 za usafiri na bima, inakuwa 5,100. VAT ya Tanzania ni asilimia 18, yaani dola 918. Tozo nyingine, bandari na wakala wa forodha, tuseme 500. Kifyonza moshi chenye chujio la maana, 450. Stabilaiza na UPS, 250. Miwani ya kinga na lenzi ya akiba, 150. Jumla ni dola 7,368 kwa mashine iliyotangazwa kwa 4,500. Kenya VAT ni asilimia 16, lakini ukiongeza tozo zao unafika karibu pale pale. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT ataidai baadaye. Hata hivyo fedha ya kuilipia bandarini lazima iwepo siku mzigo unapofika.

Kuhusu ushuru wa forodha, muulize wakala wako mapema juu ya kundi namba 8456, ambamo mashine za leza za kukata na kuondoa metali huwekwa. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki umejengwa kwa msingi kwamba mitambo ya uzalishaji hutozwa asilimia 0, ilhali bidhaa zilizokamilika hutozwa asilimia 25 au zaidi. Mzigo ulioandikwa ovyo kwenye ankara, kwa mfano "kifaa cha umeme" bila maelezo, unaweza kukutia kwenye mabishano yatakayokula siku na ada za kuhifadhi. Kuna pia ukaguzi wa ubora kabla ya mzigo kusafirishwa, unaosimamiwa na mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya. Cheti chake lazima kipatikane China, mzigo ukiwa bado uko kule.

Turudi kwenye ile jumla ya dola 7,368. Igawe kwa miaka mitatu, siku 250 kwa mwaka, leza ikiwaka saa nne kwa siku: ni saa 3,000, sawa na karibu dola 2.50 kwa saa. Mashine ya wati 20, yenye bei ya dola 2,200 na gharama zake, itafika kama dola 4,500 ikiwa karakanani, yaani dola 1.50 kwa saa. Inaonekana nafuu. Lakini kwa lenzi ile ile na mipangilio mizuri, uondoaji wa metali hufuata nguvu kwa karibu, kwa hiyo kazi ya saa moja kwenye wati 50 itachukua saa mbili na nusu kwenye wati 20. Zidisha: dola 3.75 kwa kazi ile ile, kabla hujamlipa kijana anayeisimamia. Kwa kuchonga kwa kina, mashine ya bei ndogo ndiyo yenye gharama kubwa.

Je, kwa mantiki hiyo si bora kuruka mpaka wati 100? Nimefanya hesabu hiyo pia. Ikikufikia kwa dola 14,400 hivi, ni dola 4.80 kwa saa, na inamaliza kazi kwa nusu ya muda wa wati 50. Kwa kina kile kile umelipa dola 2.40, karibu sawasawa. Faida inabaki kwenye mshahara na kwenye uwezo wa kupokea oda ya haraka, nayo ni faida ya kweli ikiwa oda zipo. Zisipokuwepo, dola 7,000 za ziada zimelala chini ya turubai. Kwa karakana ya watu watatu hadi kumi yenye mchanganyiko wa mihuri, kalibu na namba za vipuri, mimi nasimama kwenye wati 50 au 60.

Ukifika hapo muuzaji atakuuliza kama unataka ya kawaida au MOPA. Ile ya kawaida hutoa mapigo ya mwanga yenye urefu usiobadilika, kama nanosekunde 100 na zaidi kidogo. MOPA hukuruhusu kubadili urefu huo, kwa baadhi ya vyanzo kuanzia nanosekunde 2 hadi 500. Uhuru huo ndio unaoleta rangi kwenye chuma cha pua na weusi safi kwenye alumini iliyotiwa rangi ya kiwandani, vitu ambavyo leza ya kawaida haiviwezi ipasavyo. Kwa kina peke yake, kinachochimba ni pigo refu lenye nishati nyingi, na leza ya kawaida inalo. Mteja wako akiwa muuza zawadi, vikombe na simu, lipa MOPA bila kusita. Akiwa mtengeneza sabuni na mwenye kiwanda cha plastiki, tofauti hiyo ya bei ingekaa vizuri zaidi kwenye wati za ziada. Kuna faida moja ya MOPA kwa mtu wa kalibu ambayo wauzaji hawaitaji sana: baada ya kuchimba kwa mapigo marefu, unaweza kupitisha mapigo mafupi ya mwisho kusafisha sakafu ya mchoro ikabaki laini.

Lenzi nayo husahaulika. Mashine nyingi huja na lenzi inayofunika eneo la milimita 110 kwa 110, na mnunuzi huomba ya 300 kwa 300 akidhani amepata zaidi. Lenzi kubwa hutawanya mwanga kwenye doa pana, na doa likiwa pana nguvu kwa kila milimita ya mraba huporomoka. Kwa kina, chukua ya 110, na kwa mihuri midogo hata ya 70. Bei yake si kubwa, na mabadiliko yake utayaona siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe haifanyiki kwa mpigo mmoja. Leza hupita juu ya mchoro mara kumi, mara mia, mara mia tatu, kila mpito ukitoa tabaka jembamba, na mwelekeo wa mistari ukigeuzwa kila safari ili sakafu isibaki na mifereji. Kila baada ya mipito kadhaa kunakuwa na mpito mwepesi wa kufagia masizi. Kina kinavyoongezeka, kichwa lazima kishushwe ili mwanga ubaki umekazwa mahali pake. Ndiyo maana mashine yenye mhimili wa kupanda na kushuka kwa mota ni bora kuliko ile ya kuzungusha mpini kwa mkono, ingawa inaongeza bei. Kuta za mchoro hazitoki wima kabisa. Huinama kidogo kuelekea ndani. Kwa muhuri wa sabuni hilo ni zawadi, kwani sabuni huachia bila kung'ang'ania. Kwa kipuri kinachotakiwa kuingia shimoni kwa kubana, ni kasoro.

Hapo ndipo leza inapokutana na wapinzani wake, na si kila mara inashinda. Ukitaka kina cha milimita mbili au tatu kwenye alumini au chuma laini, na herufi zako ni kubwa, mashine ya CNC yenye kisu cha kabaidi itamaliza kabla leza haijafika nusu. Kisu hushindwa kwenye kona za ndani, kwa sababu haziwezi kuwa kali kuliko upana wake, na visu vyembamba vya sehemu za milimita hukatika kwa kuangaliwa tu. Doa la leza ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita na halijali ugumu wa chuma. Chuma kilichokwisha kukazwa kwa moto, ambacho kingemaliza visu vyote, leza hukichonga kama kile laini. Nembo yenye nywele, majani na herufi ndogo kwenye muhuri wa chuma kigumu: hapo leza haina mshindani wa bei yake.

Kuna mashine ya cheche za umeme, EDM, inayochimba kwa elektrodi ya shaba au grafaiti. Kwa kalibu za kina kirefu na kuta za wima ndiyo mfalme, lakini kila mchoro unahitaji elektrodi yake, kwa hiyo muhuri mmoja mmoja wenye majina tofauti utakuwa ghali. Asidi, hasa kloridi ya chuma juu ya shaba na brasi, ni rahisi kuliko zote kuanza. Hata hivyo asidi hula pembeni kama inavyokula chini, kingo hupotea kila unapoongeza kina, na mabaki yake hayana mahali salama pa kumwagwa kwenye mitaa yetu. Kwa namba za chesisi na mitungi, mashine ya pini inayogonga vitone ni nafuu, hubebeka mpaka kwenye gari lenyewe, na alama yake husomeka chini ya rangi. Mtu ambaye kazi yake yote ni namba hana sababu ya kununua leza.

Tena kuna chaguo la kutonunua chochote. Ikiwa unapata mihuri minne au mitano kwa mwezi, peleka kwa mwenye mashine na umlipe. Ile hesabu ya dola 2.50 ilidhani leza inawaka saa nne kwa siku; ikiwaka saa moja tu, inakuwa karibu dola 10. Ningependa kuona karakana nne au tano za mtaa mmoja zikichanga kwa mashine moja na kijana mmoja anayeijua vizuri, badala ya kila mmoja kukopa kwa riba ili amiliki yake isiyoshiba kazi.

Umeme wenyewe haupaswi kukutisha. Leza ya wati 50 na kompyuta yake na kifyonza moshi vinaweza kula kama uniti moja kwa saa, na kwa bei ya Tanesco ya karibu shilingi 356 kwa uniti, siku nzima ya saa nane haifiki shilingi 3,000. Tatizo ni umeme unaopanda na kushuka, na waya wa ardhi ambao haupo au umechomekwa kwa jina tu. Chanzo kikiungua kwa sababu hiyo, waranti nyingi hazitakulinda. Pwani kuna adui wa pili: unyevu wenye chumvi. Mashine inayokaa Tanga, Mombasa au Dar ikizimwa usiku kwenye chumba cha baridi kisha mlango ukafunguliwa asubuhi, umande hutua kwenye lenzi na vioo, na kuwasha leza juu ya lenzi yenye umande au vumbi ni kuipasua. Chumba kidogo kilichofungwa, chenye hewa ya baridi ya kiasi isiyobadilika ghafla, ni sehemu ya bei ya mashine. Watengenezaji wengi huandika nyuzi 40 kama kikomo cha joto, na chini ya bati bila dari mwezi wa pili kikomo hicho si mbali.

Juu ya usalama sitalegeza neno. Mwanga wa nanomita 1,064 hauonekani. Hupita mbele ya jicho bila maumivu na kukusanyika kwenye retina, na jicho lililoungua hapo halirudi. Miwani inayokuja bure kwenye boksi usiiamini mpaka uone imeandikwa kwa wimbi la 1,064 na kiwango chake cha kinga. Miwani ya leza ya CO2 haizuii mwanga huu. Mashine yenye kasha lililofungwa na swichi ya kuzima mlango ukifunguliwa inagharimu zaidi, na kwenye karakana ambako wateja na watoto huingia bila hodi, ningeilipa hata kama ningelazimika kushuka wati kumi. Moshi nao ni sumu. Chuma cha pua kina kromiamu, na sehemu yake ikiungua hutoa kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Brasi hutoa moshi wa zinki unaoleta homa usiku. Feni ya dirishani humhamishia jirani tatizo hilo. Na ukichonga alumini na chuma kwa mashine moja, safisha chujio kila unapobadili metali, kwa kuwa vumbi la alumini likichanganyika na kutu ya chuma ni mchanganyiko unaoweza kuwaka kwa joto kali mno.

Sasa jaribio. Kabla ya kulipa, mtumie muuzaji mchoro wa mraba wa milimita 20 kwa 20 na umtake auchonge kwa kina cha nusu milimita kwenye chuma cha kawaida, huku akirekodi video isiyokatwa yenye saa inayoonekana. Mtake apime kipande kwa mizani ya sonara kabla na baada. Mraba huo ni milimita 200 za ujazo, na chuma kina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kipande lazima kipungue gramu 1.57. Kwa alumini ingekuwa gramu 0.54. Mizani haiwezi kudanganywa na picha nzuri wala masizi meusi yanayofanya mchoro wa juujuu uonekane wa kina. Ukiwa na gramu na dakika za wauzaji watatu, gawanya bei ya kila mmoja kwa gramu anazotoa kwa saa, na utakuwa na ulinganisho ambao hakuna katalogi itakayokupa.

Uliza pia programu. Mashine nyingi hutumia EZCAD ya Kichina, na bodi bandia za udhibiti za EZCAD ni nyingi. Bodi bandia hukataa toleo jipya na kukuacha umekwama. Hakikisha bodi ni halisi, na ikiwezekana ikubaliane na LightBurn, ambayo vijana wengi hujifunza haraka zaidi. Kwenye mkataba andika jina na namba ya chanzo, aina ya lenzi, matokeo ya lile jaribio la gramu, na nani atalipa usafiri wa chanzo kikiharibika ndani ya waranti, kwa sababu kukirudisha China kwa ndege kunaweza kufikia mamia ya dola. Lipa asilimia 30 kuagiza, na salio litoke baada ya kuona video ya mashine yako mwenyewe, yenye namba ile ile, ikichonga mraba ule ule.